Pudre ku Mulango wa Mama Feza

Feza alipita! Mwadi, mwana wangu, Feza alipita egzameni ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza shule! Ujumbe uliingia ku telefone ya mama yake leo saa ine ya asubui, na tangu ile saa niko nao mu kinywa kama muntu mwenye kutia bukari, ugali ya moto, hawezi kumeza, hawezi kutema. Sijaambia hata muntu moja ku avenu. Unasikia? Minyi, mama yako, sijaambia muntu. Karatasi hii njo ya kwanza kujua.

Sasa jambo, mwana. Uko muzuri kwa nkambo, bibi yako? Najua rezo haiko kule Base, ku kambi ya basoja, njo maana sikupiga telefone. Kesho muyomba wako atakuleta na pikipiki mpaka ku gare ya treni, na minyi nitakuja na valize yako, tutakutana pale. Lakini ku gare najijua. Nitaona treni, nitalia, nitakusifu mbele ya bantu bote mpaka utafunika uso, na neno la maana litabakia mu tumbo. Kwa hiyo niliketi hapa ku baraza, jua ingali juu, mikate yangu ya leo ilishaisha yote (hakuna mikate mu Kamina kama yangu, na ile si kujisifu, ni bukweli), nikuandikie. Nilisoma paka mwaka wa sita wa primeri tu, lakini mwandiko yangu unaijua: imenyooka kuliko reli ya baba yako.

Sitakuambia juu ya kula, ao kulala, ao bavulana ba Lubumbashi kule unaenda kusoma. Tantine, shangazi yako, alishasema yote, na ile hakusema utaiona mwenyewe. Nataka kukuambia kitu nilifanya. Weye unajua nusu. Nusu ingine nilikuficha, na sitaki upande treni na nusu.

Unakumbuka siku ya majibu yako ya ile egzameni ya Leta, mwaka uliopita. Nani atasahau? Sitini na ine ku mia! Mutoto wa muntu wa reli na mwanamuke wa mikate! Nilimaliza pudre yote mu duka, ile poda nyeupe ya batoto, kopo tano, mwenye duka akaniuliza kama ninafungua hospitali ya bazazi. Nilifanya vile kila mama wa Kamina anafanya: pudre ku kichwa ya mutoto, sufuria na kijiko mu mukono, nyimbo, tuzunguke avenu bantu bajue. Ulikuwa mweupe kutoka kichwa mpaka kiuno, unaonekana paka macho na meno. Mama bote ba kanisa balikuwa nyuma yetu.

Ukitoka ku nyumba yetu, njia ya kwenda ku kanisa iko ku kuume. Nyumba ya Mama Feza iko ku kushoto, na mbele yake hakuna kitu, ni majani tu na reli. Hakuna muntu anapita kule bila sababu. Weye ulifikiri furaha ilinipoteza njia. Hapana, mwana. Minyi njo nilibageuza bantu ku kushoto, na nilijua kitu nilikuwa nafanya. Saa moja mbele ya ile, Mama Feza alikutana na minyi ku kisima. Alikuwa ameshika ndoo, maji haijaingia. Alisema, "Ya kwetu haikutoka." Paka ile: Feza hakupita. Nilimujibu, "Pole, mama." Nikabeba maji yangu, nikaenda kununua pudre.

Utaniuliza juu ya nini. Nitakuambia. Mbele ya Noeli ya ule mwaka wa shule, ku kisima hapo hapo, nilisikia Mama Feza anaambia benzake: "Mwadi? Ule anakopia ku Feza. Ondoa Feza, utaona." Bakacheka. Hakujua niko nyuma ya ukuta. Neno ile nililiweka. Nilipika nalo, nililala nalo, nilikwenda nalo ku kanisa nikaimba nalo. Ungeniuliza ile miezi, ningesema nilishasahau. Kumbe nilikuwa nangojea siku yake.

Na siku ikafika, na mama yako eko na kipaji, unajua mwenyewe, wimbo unanitoka bila kuutafuta. Tukafika mbele ya ule mulango wa buluu, nikapiga sufuria, nikatoa:

Mwenye kukopia tuko naye,
mwenye kukopiwa eko wapi?

Mama bakaitika. Bamoja balicheka, bamoja baliitika bila kuwaza juu sauti ilikuwa tamu. Nikachukua kopo ya tano, nikaimwanga yote ku mulango. Nyuma ya dirisha rido, ile pazia, ilitikisika kidogo. Ulinivuta mukono, ulisema, "Mama, turudi. Mama!" Nikafikiri unasikia haya ya kusifiwa. Nikaimba mara ya pili.

Baba yako, wakati tulirudi, alikuwa ku kiti yake na kofia ya kazi bado ku kichwa. Alishasikia, ku avenu yetu sauti yangu inafika mbele yangu. Alisema, "Treni kubwa namna ile iko na freni ya kuisimamisha. Weye balikununua bila." Nikamujibu kwamba eko na wivu juu hajui kuimba. Akavua kofia, akaingia mu nyumba.

Weye haukunisemesha siku ine. Na Feza, mutoto muliketi naye ku banki moja, benchi moja ya darasa, tangu shule ya batoto badogo, mulisoma naye mu kitabu moja juu kila mama alikuwa na uwezo wa nusu, Feza akaacha kupita kwetu. Akikuona anageukia njia ingine. Ile minyi nilikuibia, Mwadi. Sikuiba kwa Mama Feza. Niliiba kwako.

Haya. Nikaona vibaya, nikaanza kutengeneza. Na sasa nitakuambia vile mama yako anatengeneza vitu, ucheke, lakini usifanye vile.

Kwanza nilibeba kuku. Ile jogoo mwekundu, munono, kila muntu alikuwa anamutamani. Nilimupakata kama mutoto, na ku kila nyumba nilisimama: "Munaona huyu? Ninamupelekea Mama Feza. Muntu akikosa anapashwa kujishusha." Nilijishusha vile avenu muzima. Mama Feza alipokea kuku na mikono mibili, akasema aksanti, akafunga mulango. Baadaye akamufungulia upande wa nyuma. Mwadi, nilirudi polepole nikisimulia bantu, na wakati nilifika hapa, jogoo alikuwa ameketi ku baraza. Alinitangulia.

Ya pili, nilisimama mu kanisa, saa ya ushuhuda. Unakumbuka, ulikuwako. Nilisema muzuri sana. Nilisema vile Feza alianguka egzameni, vile moyo wa mama yake ulivunjika, vile minyi katika kiburi yangu nilicheka, nikatoa kitambaa, nikalia. Mama balipiga mikono. Nilirudi kuketi mwepesi, kama nimeoga. Ndipo nikaangalia ku banki ya tatu: fasi ya Mama Feza ilikuwa wazi. Alitoka. Nilimufunulia mutoto wake mbele ya kanisa nzima, ile siku ya majibu nilimufunulia paka mbele ya avenu. Njiani baba yako aliniuliza, "Sasa ulilomba samahani, ao ulifanya konseri?"

Nikasema basi, imetosha, nilifanya yangu, shauri yake. Nilikasirika hata. Unaona namna moyo unageuka: muntu niliyemukosea, sasa njo alikuwa ananikosea juu hanisamehe haraka.

Ile mwezi wa kwanza wa mwaka huu, ulikuwa unafundisha badogo ku shule ya kanisa, na mangaribi unaketi ku mbabula, jiko yetu ya makala, pamoja na minyi na ile diksionere yako ya Kingereza, kurasa za mwisho hakuna. Ninageuza mikate, unasoma. Siku moja uliniuliza: "Mama, ku Swahili tutasema namna gani, atone?" Nikasema neno gani ile, kama jina ya dawa. Ukanieleza: ni tendo la muntu mwenye alikosa, anafanya kitu juu ya kutengeneza ile aliharibu. Nikasema kumbe ni kulomba samahani. Ukasema hapana, kulomba samahani beko nayo neno ingine, ile ni ya kinywa. Nikasema kulipa. Ukasema hapana, kulipa ni ya soko. Nikasema kutengeneza. "Ile ni ya kinga, ya baiskeli, Mama." Nikasema pastere anasoma upatanisho mu Biblia. Ukafikiri, ukasema, ile iko karibu, diksionere inasema zamani ilikuwa vineno mbili vidogo, *at* na *one*, balishona pamoja, kuwa kitu kimoja. Nikacheka, nikasema hata Bangereza banashona kikwembe ya vipande.

Unajua minyi napenda kushindana. Nikasema, nipe sentensi, nitengeneze yangu. Ukasema: unaanza na muntu mwenye alikosa, unatia hii neno, unatia *for*, kisha unataja kitu yenyewe alifanya. Nikasema haya: Mama Mwadi, atone, for, Mama Feza. Ukasema hapana, pale muntu hawezi kukaa. Nikasema: for kuku. Ukacheka, ukasema kuku ndiyo hapana kabisa. Pale panakaa paka lile kosa, na jina yake. "Basi nitie nini?" Ulitazama mu kitabu, haukuinua uso, ukasema polepole, "Feza hasomi tena, Mama."

Mafuta iliniunguza hapa ku mukono wa kushoto. Alama iko.

Minyi, ile miezi yote, nilifikiri kosa yangu ilikuwa wimbo. Ao kiburi. Kiburi ni jina tamu, unaweza kuitaja mu kanisa na bantu bapige mikono. Sikuwaza hata siku moja kwamba ku nyuma ya ile rido kulikuwa mutoto mwenye alisema: sitarudi ku banki, juu bale batakaokuwa ku pembeni yangu balisikia. Alichukua jembe ya mama yake akaenda ku shamba, na baba yake unajua mwenyewe, mugongo ulimuacha tangu miaka, hawezi kulima. Kosa yangu ilikuwa na miguu, ilikuwa inatembea kila asubui ku njia ya Base na jembe ku bega, inapita mbele ya mikate yangu.

Nusu yenye haujui inaanzia hapa.

Kesho yake nilichukua jembe, nikafuata Feza ku shamba. Alikuwa peke yake mu mihogo. Aliniona, akasimama.

"Mama Mwadi, unatafuta nini?"

"Natafuta mustari wa kulima."

"Shamba si yako."

"Najua. Weye rudia ku masomo. Hii mistari iko na muntu sasa."

"Mama atakasirika."

"Akasirike. Atanikasirikia minyi, alishazoea."

Akatazama chini. Akasema, "Na bantu bakijua? Batasema munatuhurumia. Batatunga wimbo ingine."

Ile "wimbo ingine" ilinipiga, mwana. Nikamuambia hakuna muntu atajua mpaka majibu yake itoke. Hata Mwadi, hata baba Mwadi. Feza akainua macho, na mara ya kwanza tangu ile siku nikaona meno yake. "Weye?" alisema. "Weye, Mama Mwadi, kunyamaza?" Akacheka mpaka akaegemea jembe. Nilistahili.

Nilinyamaza. Siku ya pili na siku ya tano ya kila juma, wakati nilibaambia weye na baba yako naenda kuuzisha mikate ku Base, nilikuwa kule ku mihogo. Mikate nilimuachia mwanamuke moja wa soja aniuzishie. Ulishika mikono yangu siku moja, ukauliza juu ya malengelenge, nikasema ni sabuni mubaya. Nilikudanganya. Na zile daftari zako za mwaka wa sita, zile ulizitafuta mu nyumba yote ukasema ni panya: ile panya njo minyi. Nilizipeleka kwa Feza mu kitunga, chini ya mihogo. Alitambua mwandiko yako. Alipangusa daftari ya juu na kikwembe yake, polepole, kama uso wa mutoto.

Weye unanijua. Kulima haikunishinda, minyi ni binti wa Kaniama, nilizaliwa na jembe. Kunyamaza njo kulitaka kuniua. Ku kisima bamama baliposema, "Mama Feza alipata muntu wa kumusaidia, ni nani?" nilikuwa najaza ndoo mpaka inamwangika, nisifungue kinywa. Mara tatu nilirudi mu nyumba nikaambia ukuta.

Wiki ya pili Mama Feza alikuja ku shamba. Nilisikia hatua, nikajua ni yeye, nikaendelea. Nilifikiri atanifukuza, na nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya kufukuzwa nayo. Akaingia mu mustari wa pembeni, akalima. Tulilima mpaka saa sita, yeye na wake, minyi na wangu, akaenda. Siku ya tano vile vile. Mvua ilitupiga pamoja. Mwezi mzima, hata jambo hapana. Nakuambia, nilishatukanwa mu maisha yangu, lakini sijakaa karibu na kitu kizito kama kinywa ya ule mwanamuke.

Siku moja ya mwezi wa tatu, alisimama, akanyoosha mugongo, akaangalia kazi yangu, akasema, "Mistari yako inapinda."

Mwadi, nilifurahi kuliko sitini na ine yako. Unisamehe, lakini ni vile.

Usifikiri iliisha pale. Hajaniambia hata leo kwamba alinisamehe, na sikumuuliza. Tena kuna kitu ingine lazima uijue. Mwezi uliopita nilipita nyuma ya kanisa, batoto banawake badogo balikuwa banaruka kamba. Kila muchezo uko na wimbo wake. Nikasikia: mwenye kukopia tuko naye, mwenye kukopiwa eko wapi. Balikuwa banaimba muzuri, banapiga mikono, bamoja balikuwa hawajapata akili bado ile siku. Hawajui ni ya nani. Nilisimama pale na beseni ku kichwa. Nibaambie baache? Bataimba zaidi. Feza atazeeka mu muji huu, na siku moja mutoto wake ataruka kamba na ule wimbo. Nililima mistari yote ya ile shamba, na ule wimbo hauna mustari naweza kuushika.

Njo hii nilitaka ubebe, si kitu ingine. Ulirisi uso wa baba yako, Mungu alikuhurumia, lakini kinywa ni yangu. Utasoma Kingereza, utakuwa mwalimu, kinywa ile itapata nguvu ya luga ingine tena. Siku moja utaumiza muntu na neno tamu, na utasikia bantu banacheka, na itakuwa butamu. Ile siku, mwana, usimubebee kuku. Tafuta kitu gani ilianguka mu maisha yake juu yako, ile yenyewe, na jina yake. Pengine itakuwa ndogo, pengine utapata malengelenge. Na kama atasema paka mistari inapinda, nyoosha mistari.

Leo sasa. Nilikuwa nafagia hapa. Mama Feza alisimama ku lupango, ku uzio wetu, hakuingia, telefone mu mukono. Alisema:

"Ya kwetu ilitoka."

Nikaangusha ufagio. Kinywa ilifunguka yenyewe, nikaifunga na mikono mibili, hivi. Aliangalia ile mikono.

"Leo njo unanyamaza?"

"Ni yako, mama," nilisema mu vidole. "Ya kuipigia kelele ni weye."

Akageuza telefone, akaisoma tena kama inaweza kubadilika. Hamsini na nane. Kisha alisema, "Weye njo utaleta pudre."

Niliketi chini, hapo hapo mu takataka nilikuwa nafagia.

"Na sufuria?" niliuliza.

"Lete. Na wimbo utunge ingine. Batoto bapate wimbo ingine ya kamba."

Mwadi, unajua vile nyimbo zinanitoka. Tangu asubui ninautafuta, hauji. Nina paka jina ya Feza, nalizungusha mu kinywa, nalirudisha. Utakuja. Kama hautakuja, nitaimba jina tupu, na sauti niko nayo.

Feza mwenyewe alipita baadaye na ndoo. Aliuliza treni inatoka saa ngapi kesho. Nikamuambia. Akasema, "Aa," akaenda. Sikuongeza neno. Kama atakuja ku gare, atakuja na miguu yake.

Minyi nilitaka ubakie mpaka ile siku ya pudre ya Feza. Nilikwenda kumuuliza baba yako, sikumuambia sababu. Akasema ukiachia treni ya kesho, nani anajua ingine itapita lini, na ku Lubumbashi banafunga kuandika banafunzi. Eko na bukweli. Ile furaha ya kuzunguka avenu pamoja na Feza nilikunyima minyi, na sasa inafunguka wakati unaenda. Sina namna ya kuitengeneza.

Mu valize, upande wa kushoto, chini ya sabuni, nimetia kopo moja ya pudre. Usiifungue mu njia juu ya joto. Ngoja. Treni itakuwa imesimama fasi fulani mu majani, kama kawaida yake, bantu banashuka kutafuta maji. Angalia saa. Ikifika saa ya Feza, chukua kidogo na kidole, jipake hapa ku paji, na kama bantu ba mu wago banakuuliza, ubaambie rafiki yako alipita.

Ni siku ya posho, Jumamosi, saa kumi, mbele ya mulango wa buluu wa Mama Feza. Mama Feza atabaambia mwenyewe, bote batakuja.